Kilo 240 zilizonirudisha darasani nikiwa na miaka 46

Hii habari inaanzia mizani. Si ile ya bafuni, naongelea mizani ya malori, lile sahani la chuma chini unapandisha gari zima halafu jamaa wa kwenye kibanda anakupa karatasi. Tulikuwa tunarudi safari na motahomu yetu, lile gari-nyumba lenye vitanda na jiko na choo humo humo, tushazunguka nalo Uingereza miaka miwili bila tatizo, tukapita machimbo ya kokoto yana kibao kwamba mtu yeyote anaweza kupimiwa gari, baba watoto akasema hebu tujue. Udadisi tu jamani. Karatasi ikatoka: ekseli ya mbele 1,640, ekseli ya nyuma 2,100, jumla kilo 3,740.

Gari limeandikwa mwisho 3,500.

Yaani tulikuwa tumezidisha kilo 240 na kwa tulivyopaki siku ile najua hatukuanza siku ile, miaka miwili tumekuwa tukipita mbele ya askari tukiwapungia mkono. Nikaanza kuhesabu kichwani zimetoka wapi. Tangi la maji safi linabeba lita 100, na lita moja ni kilo moja, hapo hakuna ujanja, kwa hiyo kila tukijaza maji kabla ya safari tulikuwa tunapakia mtu mzima mnene. Baiskeli mbili za umeme, hizo ni kilo 50. Turubai la kukunjua la pembeni. Mitungi miwili ya gesi. Betri ya pili na sola ambazo fundi alifunga baada ya sisi kununua, kwa hiyo hazikuwemo kwenye hesabu ya kiwandani. Sisi wenyewe. Sufuria zangu, na hapa baba watoto alinitazama kwa jicho fulani maana mi siendi mahali na sufuria moja, na kulikuwa na gunia la mchele la kilo 20 nyuma kabisa chini ya kitanda ambalo nililisahau tangu safari ya kabla ya hapo.

Kitu ambacho sikukijua na ningependa mtu angeniambia siku tunanunua: kuna kabamba ka chuma, mara nyingi liko kwenye boneti au mlangoni, lina namba nne zimepangwa kushuka. Ya kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa na kila kitu, ya pili ni gari pamoja na tela, ya tatu mwisho wa ekseli ya mbele, ya nne mwisho wa ekseli ya nyuma. Muuzaji anakuonyesha mapazia na friji, hilo bamba hakuonyeshi. Sisi letu lilisema 3,500 jumla, lakini mbele inaruhusiwa 2,100 na nyuma 2,400. Ukijumlisha hizo mbili za mwisho unapata 4,500. Kwa hiyo chesisi yenyewe ina nguvu, ekseli zote mbili hazijazidiwa, kilichozidi ni ile namba ya juu ambayo ni kama uamuzi wa makaratasi. Na wanafanya hivyo kwa sababu kubwa moja, ili gari liweze kuuzwa kwa watu kama mimi wenye leseni ya kawaida.

Leseni ya kawaida Uingereza ni daraja B, kwa gari la mafuta kama letu inaishia kilo 3,500. Kuanzia hapo mpaka 7,500 unahitaji daraja la C1. Lakini, na hapa ndo nilipocheka kwa hasira, mtu aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 alipewa C1 bure, imekaa tu kwenye kadi yake. Baba watoto alifaulu 1991. Hajawahi kukaa kwenye usukani wa lori hata kwa kupiga picha. Kadi yake ukiigeuza nyuma C1 ipo. Mimi nilikuja 2007, leseni ya Tanzania ilinibeba miezi 12 tu kwa sababu siyo katika zile nchi wanazobadilishana nazo, nikafanya mtihani upya kama mtoto wa shule nikafaulu 2009, kadi yangu ina B basi. Na mi ndo niliyekuwa naendesha Canter ya kaka yangu miaka mitatu kabla sijapanda ndege!

Njia zilikuwa mbili. Tupunguze vitu au tupandishe ile namba. Tulijaribu kupunguza, kweli, tuliweka kila kitu uani tukabaki tunabishana kuhusu sufuria, ukitoa maji na baiskeli na turubai unakaribia 3,500 lakini unabaki na gari la kwenda nalo sokoni. Kwa hiyo tukapandisha. Kwa chesisi kama yetu hakuna kinachofungwa wala kufunguliwa, kuna kampuni zinafanya hesabu, zinakuletea bamba jipya linasoma 3,850, makaratasi ya usajili yanabadilishwa, bima unawaambia, kodi ya barabara inahama daraja na kwetu ilishuka. Gari ni lile lile. Nati ni zile zile. Ila asubuhi bamba lilipobandikwa mimi nikawa siruhusiwi tena kuliendesha.

Na watu wengi hapa wanachanganya kwa hiyo nisimame kidogo. Leseni haitazami gari lina uzito gani leo. Inatazama bamba limeandika nini. Ningetoa kila kitu, nikaliacha tupu lipime 3,100, bado nisingeruhusiwa kwa sababu bamba linasema 3,850. Na ukiendesha bila daraja husika basi bima yako nayo ina sababu nzuri ya kukukana. Rafiki yangu mmoja alikuwa ananiambia we endesha tu nani atajua, nikamwambia atakayejua ni yule nitakayemgonga.

Mwaka wa kwanza tukasema haina shida, baba watoto ataendesha yeye. Akaendesha. Tukaenda Scotland mwezi wa tano, tunashuka ile A82 ya Glencoe, milima pande zote, nzuri ajabu, akaanza kufumba jicho moja. Kipandauso. Yeye kikimshika hawezi hata kuangalia simu. Tukaingia sehemu ya kupaki pembeni mwa barabara, akalala, pazia zote zimefungwa, na mimi nimekaa kiti cha abiria funguo ziko mkononi, mzima wa afya, nina miaka mingi ya kuendesha, na siwezi kusogeza gari hata mita kumi kwenda kumtafutia dawa. Tulilala hapo usiku wa kwanza. Tukalala na wa pili. Kuna mzee mmoja alikuwa na kampavani ndogo akatuletea dawa kutoka Fort William, Mungu ambariki. Usiku ule wa pili ndo niliamua, sikumwambia mtu, nilikuwa naosha kikombe nikasema ndani ya moyo hii leseni naitafuta.

Sasa mchakato. Unaanza na fomu mbili za DVLA, ile ofisi ya serikali inayotoa leseni, D2 ya kuomba leseni ya kujifunzia na D4 ya daktari. Hiyo D4 ndo watu wanaogopa na kwa kweli hata mimi. Sehemu ya macho inaweza kujazwa na mtu wa miwani, nilifanya hivyo, jicho zuri linatakiwa lisome angalau 6/7.5, yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linakisoma kwa mita 7.5, na lile bovu angalau 6/60, miwani inaruhusiwa ilimradi isiwe na nguvu ya kupita kiasi. Macho yakapita. Presha sasa. Nilifika kwa daktari nimepanda ngazi ghorofa mbili nimechelewa basi, akanifunga ile kitu mkononi ikasoma 176 kwa 98. Akaniangalia. Akaniambia kwa leseni za magari makubwa namba ya juu ikikaa 180 au zaidi, au ya chini 100 au zaidi, hawakupi mpaka iteremke, kaa hapo pumua, nitarudi. Nilikaa dakika kumi na tano nikiwaza bahari. Akarudi ikasoma 148 kwa 90. Akasaini, akanitoza pauni 60, akaniambia pia nikapimwe vizuri na daktari wangu kwa sababu 148 siyo ya kusherehekea, nikaenda na sahizi natumia kidonge kila asubuhi. Kwa hiyo kama leseni hii haikunipa kingine basi iligundua presha.

Fomu ilirudishwa mara moja na kosa lilikuwa langu, kuna kisanduku kimoja cha saini ukurasa wa mwisho nilikiruka. Wiki tatu zikapotea hivi hivi. Pitia kila kisanduku na mtu mwingine awe anakusomea.

Thiori. Nilijiona mjuaji nikasema naendesha tangu zamani nitashindwaje, nikafungua maswali ya majaribio nikapata 61. Ni maswali 100, unatakiwa upate 85, una saa moja na dakika 55, na mengi siyo ya barabara tu, kuna breki za upepo, kuna namna ya kufunga mzigo, kuna saa za kupumzika za dereva, vitu ambavyo kwenye motahomu hutakutana navyo lakini unasoma tu kwa sababu mtihani ni wa lori. Alafu kuna video za hatari, klipu 19 zenye hatari 20 maana moja ina mbili, unabonyeza ukiona jambo linaanza kukua, alama ya kufaulu ni 67 kati ya 100. Hapo kosa la madereva wazoefu ni kubonyeza mapema mno. Unamuona mama na kigari cha mtoto mbali kabisa unabonyeza, kompyuta inasema bado, halafu ukibonyeza bonyeza ovyo kwa mpigo mmoja inakupa sifuri kwa klipu nzima inadhani unadanganya. Nilifundishwa na mwanangu wa miaka kumi na nne, ananiambia mama bonyeza, hesabu moja, bonyeza tena. Nikafaulu na 91 na 70. Hiyo 70 sijisifii nayo.

Kutafuta shule ya udereva ndo sehemu nilikaribia kuibiwa. Nilipiga simu shule moja, kijana akaongea haraka haraka kwamba C1 inahitaji moduli nne, thiori, mfano wa visa, kuendesha, na onyesho la vitendo, kifurushi chote bei ambayo nilikaa chini. Kumbe moduli ya pili na ya nne ni za CPC, cheti cha dereva anayefanya kazi hiyo kwa malipo. Mimi naendesha nyumba yangu kwenda likizo, silipwi na mtu, sihitaji. Nilipomuuliza akasema lakini ni vizuri kuwa nayo. Nikamshukuru nikakata. Shule ya pili, mzee mmoja aliyewahi kuendesha magari ya jeshi, swali lake la kwanza lilikuwa unaitaka ya nini mama, nikamwambia, akasema basi thiori, ile sehemu ya uwanjani, na barabara, kwisha. Nikalipa siku nne.

Aliniuliza pia kama nataka niende moja kwa moja kwenye C, ile ya malori makubwa yasiyo na tela, maana ukiipata C unakuwa na C1 humo ndani na bei ya mafunzo haipishani sana. Wengi wanafanya hivyo. Nilifikiria usiku mmoja. Gari la mtihani wa C linatakiwa angalau tani 12 na urefu mita 8, la C1 linatosha tani 4 na mita 5 ingawa lake yeye lilikuwa la tani saba na nusu. Nikasema hapana, nataka kujifunza kitu kinachofanana na changu. Sijui kama nilichagua vizuri, kuna siku naona ningejitanua tu.

Siku ya kwanza kwenye lile lori nilijua sijui kitu. Canter nilizoendesha nilikuwa naendesha kwa ujasiri, siyo kwa akili. Mwalimu alinikalisha dakika arobaini gari likiwa limezimwa tunaangalia vioo tu. Akaweka koni moja kwenye kona ya nyuma kushoto, akauliza unaiona kwenye kioo kipi, kwenye kile kikubwa haipo, kwenye kile cha mviringo cha chini ipo nusu, akaisogeza, akauliza tena. Halafu breki za upepo, ukigusa kama ulivyozoea kwenye gari dogo unapiga kichwa kwenye kioo, mguu unatakiwa uwe mwepesi kama unakanyaga yai. Na ile kona ya kushoto. Kwenye lori umekaa juu ya tairi za mbele, kwa hiyo unatakiwa upite, upite, upite, mpaka moyo unakwambia umeshapitiliza, ndo ukate. Mimi nilikuwa nakata mapema kila mara kwa sababu mwili wangu ulikuwa bado unaendesha Toyota. Mwalimu hakupiga kelele hata siku moja, alikuwa anasema tu kwa sauti ya chini, gurudumu la nyuma halijui unapoenda, linakwenda njia ya mkato.

Rivasi ya uwanjani, ile wanaita 3a, unarudi nyuma kwa mchoro kama herufi S unaingia kwenye chumba cha koni na kitako cha gari kinatakiwa kisimame ndani ya eneo lililochorwa. Ndo niliyoiogopa kupita zote na ndo ilikuwa rahisi kupita zote. Siri yake ni mwendo. Ukienda polepole sana, polepole ya aibu, usukani unapata muda wa kufanya kazi. Niliifanya mara labda sitini kwa siku mbili, mara ya arobaini hivi nikaanza kuona, yaani nikawa naiona njia ya gurudumu kwenye kioo kabla halijafika. Nilifaulu mara ya kwanza, wakati ule walichukua pauni 40.

Barabarani nilifeli. Niseme tu. Hiyo wanaiita 3b, pauni 115 kwa siku za kazi, kwanza mtahini anauliza maswali ya usalama wa gari, kwa mfano ungejuaje upepo unavuja kwenye breki, halafu kama saa nzima barabarani ambapo dakika kumi unaendeshea kwa vibao vya njia bila kuelekezwa. Unaruhusiwa makosa madogo mpaka 15, kosa kubwa moja umekwisha. Nilikuwa na madogo manne tu, tunarudi kituoni kabisa, kona ya kushoto nyembamba karibu na shule, kuna gari limepaki upande wa pili, nikaogopa kulikaribia nikakata mapema. Nikasikia mtikisiko. Gurudumu la nyuma kushoto limepanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Hakukuwa na mtu. Mtahini hakusema neno ila nilimsikia akiandika. Njia ya mkato, ile ile niliyoambiwa siku ya kwanza.

Nililia kwenye gari langu dogo pale kituoni, siyo kwa sababu ya pauni 115, ni kwamba nilijua sababu. Siku kumi na saba baadaye nikarudi, kona ile ile wakanipitisha, safari hii nilisimama kabisa, nikasubiri wa mbele apite, nikajitanua, nikapita, nikakata. Makosa madogo sita. Mtahini akaniuliza unaenda kuendesha nini, nikamwambia nyumba, akacheka.

Ila sasa kuna jambo ambalo mtihani haukunifundisha na lilinigharimu taa ya nyuma wiki ya pili tu. Motahomu siyo lori. Kwenye motahomu yetu tairi za mbele ziko mbele yangu siyo chini yangu, kwa hiyo ile pita pita pita ya mwalimu inabidi uipunguze. Na mkia. Sheria ya Uingereza inaruhusu sehemu inayoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma ifike asilimia 60 ya urefu wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na watengenezaji wanaitumia vizuri sana hiyo ruhusa maana ndo wanapoweka choo na kitanda. Yetu ina mita mbili na kidogo za mkia. Nilikuwa kituo cha mafuta, nimemaliza kujaza, nikakata usukani wote kulia nitoke, naangalia mbele kulia kwa makini kabisa kama nilivyofundishwa, na nyuma kushoto kitako kikatoka nje kama ng'ombe anayegeuka zizini kikapiga nguzo fupi ya chuma inayolinda pampu. Taa ikaenda. Tangu siku hiyo nikiwa karibu na kitu chochote natoka kwanza moja kwa moja mbele mpaka mkia upite, ndo nikate. Na baiskeli zikiwa nyuma mkia unaongezeka sentimita sabini nyingine, tena zinaielemea ekseli ya nyuma kuliko uzito wake zenyewe, kwa sababu zinaning'inia mbali, zinanyanyua mbele kidogo na kukandamiza nyuma. Mizani ilinionyesha hilo. Ukitoa baiskeli za kilo 50 ekseli ya nyuma inapungua zaidi ya kilo 50.

Urefu wa kwenda juu ni kitu kingine. Nimebandika karatasi juu ya kioo cha dereva, mita 2.95, futi 9 inchi 8, kwa vipimo vyote viwili maana vibao vya madaraja ya zamani utaviona kwa futi na akili ya kugawanya haipatikani ukiwa umebakiza mita thelathini. Madaraja yaliyo chini ya futi 16 na inchi 6 ndo kwa kawaida yanawekewa kibao, hayo mengi hayatuhusu, yanayotuua ni matawi ya miti na vile vyuma vya maegesho ya ufukweni.

Mwendo nao. Kuna mstari wa kilo 3,050 za gari likiwa tupu kabisa, bila mafuta, maji wala vitu vyako, ukiuvuka basi barabara ya kawaida isiyotenganishwa katikati mwisho wako ni maili 50 kwa saa badala ya 60, barabara iliyotenganishwa katikati mwisho 60, motawei, zile barabara kuu za mwendo kasi, unabaki na 70. Yetu iko karibu sana na huo mstari na sina uhakika wa kubishana na kamera, naendesha kama imeuvuka. Nyuma yangu wanapanga foleni. Nikipata sehemu ya kupisha napisha, wanapiga honi ya asante, wengine siyo ya asante.

Na kile kibao cha duara chenye picha ya lori na 7.5T ambacho baba watoto alikuwa anakikimbia miaka yote tukizunguka vijiji kumi, hakituhusu, ni cha magari ya mizigo. Kinachotuhusu ni kile cha daraja dhaifu kinachotaja uzito bila picha ya lori, hicho ni kwa kila mtu. Nilimfundisha mimi. Nikamfundisha na mkia. Mwanzo alikuwa ananikatiza, mama watoto mi hili gari naliendesha tangu tulinunue, lakini siku alipoona narudisha nyuma kwenye uchochoro wa shamba moja la kuwekea kambi kule Wales, mita kama sitini, ukuta wa mawe pande zote, bila kushuka mtu kunielekeza, akanyamaza. Sahizi tukifika sehemu mbaya anavuta handibreki anashuka anazunguka mbele anafungua mlango wangu. Haongei. Tunabadilishana viti.

Kinachonichekesha ni kwamba yeye ambaye hakufanyiwa mtihani hata mmoja C1 yake inakaa mpaka atimize miaka 70, hapo ndo watamtaka na D4 ya daktari akitaka kuendelea nayo. Mimi niliyesota, kwa kuwa nimeshavuka 45, kila miaka mitano narudi kwa daktari, nikifika 65 itakuwa kila mwaka. Nimeiweka kwenye kalenda ya simu pamoja na presha.

Mwezi uliopita tulirudi pale machimboni. Yule jamaa wa kibanda alitukumbuka, akasema mmepunguza? Tumetoa gunia la mchele, tumetoa turubai la zamani tukanunua jepesi, maji tunajaza tukishafika. Karatasi ikatoka 3,640. Kwenye bamba la 3,850 tuna kilo 210 za kuchezea, nikaikunja nikaiweka kwenye dashibodi, na hatujafika hata barabara kuu baba watoto akaanza kuniuliza mtumbwi wa kujaza upepo una kilo ngapi.